Kuvuka Reli

Luena, 14 mai 1989

Papa mupenzi,

Jambo sana. Minyi niko muzuri, ila vumbi ya makala tu. Hapa Luena hata chumvi inakuwa nyeusi.

Papa, hautajua nilikutana na nani. Jeudi nilienda ku gare, stesheni ya treni, kutafuta samaki. Treni ya Bukama ilikuwa imesimama, bantu banashusha bitunga. Mwanamuke moja na kitambala ku kichwa alikuwa anagombana na mubeba mizigo. Nikasikia sauti, nikasema: hii sauti njo ile ilikuwa inanisaidia calcul, zile hesabu, mu classe ya Papa. Saumu! Saumu wa muzee Asumani, wa boutique, ile duka ya ng'ambo ya reli kule Kamina. Tulikumbatana mpaka kitunga ikaanguka. Akanicheka: "Émerence, umenenepa sawa bibi wa commissaire." Yeye amekonda sana.

Baliolewesha yeye na myaka kumi na tano. Bwana yake anaitwa Sudi, anauzisha samaki ya kukauka kule Kinkondja. Iko na mutoto mwanamuke, Safi, anamaliza mwaka wa sita, wa kwanza mu classe, sawa mama yake. Lakini Sudi hataki aendelee. Mufanya biashara moja wa Bukama alisha leta bitenge ya kumuomba ndoa. Myaka kumi na mbili, Papa.

Nilimwambia: mulete Kamina, kwa lycée ya bamasœur, ile sekondari ya basista, kule nilisoma minyi. Uso yake ikafunga. Akasema, "Kule balinikataa juu niko Mwislamu. Sudi anajua. Hawezi kupeleka mutoto mahali balimufukuza mama yake."

Minyi nilishangaa. Shiye ku nyumba tulijua nini? Tulijua muzee Asumani njo alikataa, alisema mutoto wake hawezi kula na makafiri. Weye mwenyewe ulituambia. Na njo vile minyi, wa pili mu classe, nilipata ile place, nafasi moja tu yenye bamasœur balikuwa banatoa kwa masomo yetu. Nafikiri muzee alimudanganya mutoto wake, juu alisikia haya.

Weye ulikuwa mwalimu wetu, weye ulipeleka karatasi. Tafazali Papa, enda kwa masœur Albertine, enda kwa muzee, uwapatanishe. Inscription, kuandikisha batoto, inafunga mwisho wa mwezi wa munane. Safi anaweza kuikala kwa kambo yake, muzee Asumani.

Mutoto wako,
Émerence


Kamina, 25 mai 1989

Émerence mwana wangu,

Barua yako ilifika. Mvua imeisha, mahindi nimesha vuna, si mingi. Goti ya kushoto inauma asubuhi. Tangu mama yako alituacha, nyumba imekuwa kubwa.

Ile habari ya Saumu, iache. Ni maneno ya zamani. Asumani iko mugonjwa wa kifua, boutique anafungua nusu siku tu. Masœur Albertine amezeeka, anatembea na fimbo, hakumbuki tena bintu. Nilipita kule, sikumukuta. Na Safi iko na baba yake. Shiye ni nani ya kuingia mu nyumba ya bengine?

Usimwandikie Saumu maneno ya zamani, utamuumiza bure. Fundisha batoto ba Luena. Ukipata muntu wa kuya huku, nitumie sabuni.

Papa yako,
Kitwa


Luena, 11 juin 1989

Papa,

Barua yako ilichelewa. Minyi nilisha kumwandikia Saumu kesho yake tu kiisha kukutumia ile barua. Nilimwambia kweli: bamasœur hawakukataa, baba yako njo alikataa. Nilifikiri itasaidia. Sudi akijua kama bamasœur hawana shida na Baislamu, ataachilia mutoto.

Kumbe nimewasha moto. Saumu alimwandikia muzee barua ya ukali. Anasema hatatia tena muguu Kamina mpaka akubali kosa yake. Na muzee anaapa kwa Kurani kama hakukataa.

Papa, masœur Albertine anakumbuka muzuri sana. Nilimwandikia, akanijibu na mistari tatu: "Mwalimu Kitwa alituletea neno ya baba. Baba alikataa. Tulisikia huruma." Sasa nani anadanganya? Masœur hana sababu. Muzee anashika Kurani. Minyi kichwa inazunguka.

Saumu atakuandikia mwenyewe. Weye njo ulikuwa katikati yao, weye njo utajua.

Émerence


Kinkondja, 2 juillet 1989

Kwa Mwalimu wangu Kitwa,

Salamu nyingi. Unisamehe kama mwandiko ni mbaya. Tangu nilitoka mu classe yako, kalamu naishika tu kuandika majina ya watu juu ya bitunga.

Leo ni tarehe mbili ya mwezi wa saba, siku ya proclamation, ya kusomewa matokeo. Kila mwaka siku hii nakaa vibaya. Mu 1973 wewe ulianza na jina yangu mbele ya wazazi wote: Saumu binti Asumani, quatre-vingt-quatre pour cent, themanini na nne kwa mia. Wakapiga makofi. Baba alikuwa amenunua poudre, ule unga mweupe wa kunukia, boîte nyekundu, mukebe muzima, ya kunimwangia ku kichwa sawa wazazi wote wanavyofanya mutoto akipita mutihani. Lakini siku tatu kabla ya ile aliipandisha boîte juu ya étagère, rafu ya boutique, akarudi nyumbani. Siku ya proclamation, mimi tu kati ya wale walipita nilirudi nyumbani na nywele nyeusi. Baba alisema: "Tutasherehekea nini? Mahali pa kwenda hakuna, hawatutaki."

Miaka yote nilichukia wale bamasœur. Sasa Émerence ananiambia ni baba. Nilimwandikia baba maneno ambayo mutoto hapashwi kuandika. Nilimwita mwongo. Nilisema: masomo ulinifungia wewe mwenyewe, halafu ukaniozesha nikiwa bado mutoto. Alijibu kwa mukono wa mutu mwingine, sababu wake unatetemeka. Anasema: "Wallahi sikukataa. Umuulize Mwalimu. Alikuwa hapa, alikunywa chai yangu."

Mwalimu, nakuuliza. Sudi anasema hivi: kama ni baba yako alikataa, basi njo desturi ya nyumba yenu, nitaifuata. Kama ni bamasœur, siwezi kupeleka mutoto kwa watu hawamutaki. Kila upande mulango umefungwa, na yule wa Bukama anauliza siku ya harusi.

Mu maisha yangu watu wawili tu sikuwaona na uwongo, baba na wewe. Mumoja amesha anguka. Nipe kweli, hata kama ni chungu kwa baba.

Mwanafunzi wako,
Saumu


Kamina, 16 juillet 1989

Saumu,

Baba yako hakukataa. Bamasœur hawakukataa. Minyi njo nilikataa.

Hii mistari ya kwanza nimeiandika mara ine. Mara tatu nilipasula karatasi. Sasa imeikala, acha niendelee, moyo isirudi nyuma.

Mwezi wa sita 1973, kiisha examen, masœur Albertine aliniita. Akauliza nani wa kwanza. Nikasema Saumu wa Asumani. Akafikiri kidogo, akasema: "Baba yake ataogopa. Umwambie hivi. Mutoto abakie na kitambala yake, hata shiye tunavaa kitambala. Siku ya nyama ya nguruwe tutamupikia samaki. Saa ya misa akae mu classe asome." Akanipa karatasi, baba aweke sahihi mbele samedi haijafika.

Nilitoka kule na karatasi mu mufuko. Kutoka mulango wa bamasœur mpaka boutique ya baba yako ni mètre mia tano, na reli iko katikati. Mpaka ku reli nilikuwa bado muntu muzuri. Ku reli treni ya mizigo ikanisimamisha. Ilikuwa murefu, inakokota polepole, wagon na wagon. Minyi nasimama, sina kazi ya kufanya, nikaanza kufikiri: wa pili ni Émerence.

Nikajiambia, huyu wa Asumani bataoza yeye kiisha myaka mbili ao tatu, place itapotea bure. Wangu atasoma mpaka mwisho. Nilijiambia niko nafikiri. Hapana, nilikuwa naiba. Na niseme yote leo: mu kichwa yangu mutoto wa Kiislamu hakukuwa mutoto wa hapa. Kambo yako, baba ya baba yako, alifika Kamina reli haijajengwa. Lakini shiye tulikuwa tunawaita bageni, tunanunua kwenu mafuta na chumvi, tunawaita bageni. Nilikufundisha myaka mbili, nikakupa points zako bila kukata hata moja, na bado mu moyo nilikuwa nakuweka pembeni.

Treni ikapita. Nikavuka.

Baba yako alinipokea na mikono mbili. Ile boîte nyekundu ilikuwa juu ya comptoir, meza ya kuuzishia. Akanitilia chai. Sikukuwa hata nimefungua kinywa, yeye njo aliuliza: "Mwalimu, kule hawatamutosha kitambala, akae kichwa wazi?"

Saumu, neno ya masœur ilikuwa ku ulimi wangu. Ilibakia tu kuiachilia. Nikasema: "Muzee, njo vile balisema. Atoshe kitambala, akule bintu yenye banakula, aingie misa. Kama hapana, place hakuna."

Hakukasirika. Aliangalia boîte. Akasema, "Nilijua." Kiisha akasema, "Umwambie masœur asante, amesema wazi. Mwengine angemupokea kwanza, amugeuze dini kiisha." Akanijazia chai tena. Nilikunywa.

Kesho yake nilirudi kwa masœur na karatasi bila sahihi. Nikasema Asumani anakataa, anasema mutoto wake hawezi kula na makafiri. Baba yako hakusema ile neno hata siku moja. Minyi nilimuwekea ku kinywa. Masœur akatikisa kichwa. Na yeye akasema, "Nilijua."

Bote wawili balijua. Njo kintu inaniuma kupita uwongo yenyewe. Sikutumia nguvu. Uwongo ilikuwa tayari mu nyumba zote mbili, minyi nilibeba tu ya huku kupeleka kule. Na nilikuwa hakika hakuna mwenye atavuka reli kuuliza mwenzake. Kweli, myaka kumi na sita, hakuna hata moja alivuka.

Émerence aliingia lycée. Weye nilikuwa nakuona nyuma ya comptoir, unapima chumvi. Ulikuwa unapiga magoti, "Jambo Mwalimu," unaniongezea mukono moja ya bure. Nilikuwa napokea. Siku ya harusi yako nilikuya na sufuria mupya, nikakaa na bazee, nikakula muchele. Ulikuwa unaangalia chini. Bantu balisema ni haya ya bibi-harusi.

Tangu uliolewa, hakuna siku nilipita ku ile boutique bila kuvuka ku upande mwengine wa barabara.

Baba yako njo anasema kweli. Umurudishie maneno yako. Hii karatasi umuonyeshe Sudi, mustari kwa mustari. Mulango wa bamasœur haukufungwa hata siku moja. Kopi natumia Émerence, juu na yeye haijui. Kwa masœur nitaenda hii juma.

Kwa baba yako, najua napashwa kuenda na miguu yangu. Lakini iko mugonjwa, naogopa maneno isimuue. Na weye njo mwenye kuumizwa. Nangoja jibu yako. Ukisema enda, nitaenda.

Siombi unisamehe. Sijui hata kama niandike tena Mwalimu hapa chini.

Kitwa


Luena, 30 juillet 1989

Mwalimu Kitwa,

Nimepata kopi. Nimeisoma mara moja, sitaisoma tena.

Diplôme yangu ilikuwa ku mur, ku ukuta juu ya kitanda. Nimeishusha. Sasa kuko carré nyeupe pale, alama ya pembe ine, nalala chini yake. Sijui niweke diplôme wapi. Nikiipasula, haimurudishii Saumu kintu. Kuitundika siwezi.

Lakini si ile njo niliandikia barua. Sikia. Mu mwaka wa kwanza kwa bamasœur, mutoto moja aliniuliza: ule Mwislamu mwenye akili alienda wapi? Nilimujibu vile ulinifundisha. Baba yake hakutaka, bao hawapendi masomo. Kiisha nikasema ile neno kwa bengine, na kwa bengine tena. Hapa Luena, mu réunion ya baparents, mukutano ya bazazi, nilisimama minyi mwalimu mwanamuke nikasema: Baislamu hawapendi batoto banamuke basome. Kulikuwa baba moja nyuma ya salle, na kofia yake ya Kiislamu ku kichwa, mutoto wake mwanamuke pembeni. Mwaka wenye kufuata, ule mutoto hakurudia ku masomo. Minyi nikasema: munaona?

Ulinipa uwongo, nikaifundisha. Place naweza kusamehe, nilikuwa na myaka kumi na mbili. Ile ingine, hapana.

Enda kwa muzee Asumani. Usingoje neno ya muntu.

Émerence


Kamina, nyumbani kwa baba, 11 août 1989

Mwalimu,

Niko hapa nyuma ya reli, zile mètre mia tano zako. Naandika sababu sitaki uone uso wangu, na wako sitaki kuuona. Jirani atakuletea karatasi.

Barua yako ilifika Kinkondja tarehe mbili ya huu mwezi. Nilimusomea Sudi mpaka mwisho. Halafu akafunga ile bitenge ya mutu wa Bukama nyuma ya baiskeli yake, akaenda kuirudisha. Safi atasoma. Hii moja umeitengeneza.

Siku ileile nilipanda pirogue, mutumbwi. Kufika Bukama, siku mbili bila treni. Barua yako niliibeba mu kifua, nimusomee baba mwenyewe, nianguke ku miguu yake. Baba alikufa dimanche. Kesho yake, lundi, wakamuzika. Mimi nilifika mardi, siku moja nyuma ya maziko.

Mama anasema siku za mwisho alikuwa anauliza kama barua ya Saumu imefika. Ile aliyokuwa nayo ni moja tu, ile nilimwita mwongo. Ilikuwa chini ya muto wake. Alikuwa anaitoa pale, anawapa wageni wamusomee, anauliza: "Mutoto wangu anasema vile kweli, ao ni miye sisikii tena muzuri?"

Mwalimu, uliomba ruhusa. Uliomba ruhusa kwa mutu mwenye alikuwa Kinkondja, na baba alikuwa nyuma ya reli. Mu 1973 haukuomba ruhusa ya mutu.

Mama amesikia yote. Hakulia. Aliuliza tu boîte iko wapi. Bado iko mu boutique, étagère ya juu. Watu walikuwa wanamuuliza baba bei, anasema hii si ya kuuzisha.

Nataka kitu kimoja. Lundi tarehe ine ya mwezi wa tisa masomo inaanza. Wewe njo utamupeleka Safi. Si mimi, si Sudi. Utakuja hapa ku mulango wa baba, utamushika mukono, utavuka reli. Utafika kwa bamasœur, na kule utasema mbele ya wazazi wote maneno uliniandikia. Halafu hatuna tena neno na wewe.

Saumu binti Asumani


Kamina, 5 septembre 1989

Émerence,

Hauniite tena Papa. Ni haki. Minyi nitakuita jina yako tu.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika samedi asubuhi, Asumani alikuwa bado muzima, alikufa kesho yake. Uliandika: usingoje neno ya muntu. Nilinawa, nikavaa shati, nikafika ku reli. Hakukuwa treni. Hakukuwa kintu ya kunizuia. Nikasimama pale na kofia mu mukono, nikajiambia Saumu hajasema enda. Nikarudi ku nyumba. Kesho yake, dimanche, nikasikia banalia kule upande wa boutique.

Ile sikumwandikia Saumu. Nakuandikia weye, ujue yote.

Jana nilienda. Mama ya Saumu iko mu eda, hawezi kutoka inje, alisimama ndani ya mulango, nguo yake yote nyeupe. Alikuwa na ile boîte nyekundu. Poudre yenyewe ilisha kuwa ngumu sawa chaki. Akaigonga na muchi wa kinu mpaka ikavunjika, akaisaga na mikono. Minyi nilifikiri ni ya Safi. Hapana. Aliita, "Saumu, kuya. Ni yako."

Saumu akainama pale ku mulango, mwanamuke wa myaka makumi mbili na munane, mama ya batoto ine. Mama yake akamumwangia yote, ku kitambala, ku mabega, ku uso. Hakuna mwenye alipiga kigelegele. Poudre ilikuwa haina tena harufu. Saumu alisimama na bweupe ku kope, hakupangusa.

Kiisha akamwambia Safi: "Mupe mukono."

Safi iko na mukono mudogo, wa kukauka, unanuka chumvi ya samaki. Alivaa uniforme, blouse nyeupe na jupe ya bleu, kitambala nyeupe ku kichwa. Alinipa mukono juu mama yake alisema, si juu ya kingine. Tulitembea mpaka ku reli. Tulivuka.

Inje ya lycée kulikuwa baparents mingi. Nilikuwa nimejifunza maneno ku nyumba. Yote ikapotea. Nilisema tu: "Minyi ni Kitwa, nilifundisha hapa Kamina myaka makumi mbili na tisa. Mu 1973 niliiba place ya mama ya huyu mutoto. Nilidanganya baba yake kama bamasœur hawamutaki, nikadanganya bamasœur kama baba hataki. Nikaweka mutoto wangu."

Baba moja akasema, "Muzee amekunywa asubuhi yote hii?" Bengine bakacheka. Mama moja, nilimufundisha zamani, akarudi nyuma na mutoto wake sawa vile niko na ugonjwa wa kuambukiza. Nikasema tena, na sauti ya juu. Hapo hakuna mwenye alicheka.

Masœur Albertine alikuya na fimbo. Yeye nilimwambia yote tangu mwezi wa saba. Ile siku alinisikiliza, kiisha akaniomba nitoke. Jana hakuniangalia kwanza. Aliinama kwa Safi, akagusa kitambala ya mutoto, akagusa na yake. Safi akacheka kidogo, mara ya kwanza.

Kiisha masœur akanigeukia. Nilifikiri atanitukana, nilikuwa nangoja ile. Akasema polepole, "Mwalimu, minyi pia nilikuwa na miguu muzima ile mwaka. Na chumvi ya jikoni tulikuwa tunatuma muntu kununua kwa Asumani kila juma."

Pale ku mulango, ukigeuka unaona reli, na nyuma ya reli unaona boutique. Saumu alikuwa bado amesimama kule, mweupe. Safi akamuona. Akaangalia reli, akaangalia mulango wa bamasœur, akarudia kuangalia mama yake. Ni mutoto wa akili, alikuwa anapima urefu wa ile njia. Akaniuliza: "Mwalimu, ni hapa tu?"

Nikamwambia, "Njo hapa tu."

Akatoa mukono wake mu wangu, akaingia.

Nilirudi peke yangu. Boutique ilisha fungwa. Ku mulango, chini, kulibakia poudre kidogo, kuku banatembea juu yake.

Émerence, hii barua natuma na treni ya leo. Sitangoja jibu. Jeudi, kesho kutwa, minyi mwenyewe nitapanda, nitashuka Luena. Nataka unionyeshe ule baba wa kofia mwenye mutoto wake hakurudia, niende ku mulango wake niseme kule pia, juu ile uwongo ilitoka kwangu. Kama hautaki kuniona, usikuye ku gare. Nitauliza bantu nyumba yake, nitaenda. Kiisha nitaikala ku quai, pale bantu banangojea treni, mpaka treni ya kurudia ifike.

Kitwa